Fundi Simu Asiyejua Kuongea na Simu

Kati yangu na Afande kuna mbao tu. Upande huu nashona nguo, upande ule yeye anatengeneza simu na redio. Watu husema kuta zina masikio, lakini huu wetu una na macho, maana pale chini mbao imepasuka na mimi huona viatu vyake. Vinang'aa kila siku, hata siku ya matope. Sijui anamng'arishia nani.

Jeshini alikuwa mtu wa redio, yule anayebeba mtambo mgongoni na kupeleka maneno ya wakubwa. Alipostaafu akafungua kibanda hiki. Kazi anaijua, siwezi kumsingizia. Simu iliyowashinda mafundi wote wa mtaa huu, kwake inawaka. Shida ni mdomo. Mteja akifika anaulizwa neno moja, "Tatizo?" Akisema haishiki chaji, Afande naye anarudia, "Haishiki chaji," halafu, "Njoo saa kumi." Basi, imekwisha hiyo. Ukimuuliza habari za nyumbani anakutazama kama umemuuliza siri ya serikali.

Mafundi simu wengine wana benchi la wapiga soga. Afande hana. Nilimuuliza wateja wakae wapi wakisubiri, akanijibu wasisubiri, warudi. Kwangu mimi watu hukaa mpaka niwafukuze kwa ufagio, na wengine hawana hata kifungo cha kushonewa. Kwake mchana kutwa nasikia bisibisi ikiwekwa chini, ikiinuliwa, ikiwekwa chini tena. Mkewe alifariki miaka mingi iliyopita. Chakula cha mchana anakula amesimama, mgongo umeegemea mbao yetu, nami nasikia kijiko kikigonga bakuli. Nilimhurumia sana, ila huruma yangu ina kelele, kwa hiyo nilikuwa namtania.

Simu yake mwenyewe hulia kwa nadra. Ikilia anasema, "Ongea." Anasikiliza kidogo. "Nimepata. Salama." Anakata. Hiyo salama haijafika kule, simu imeshakufa. Mimi nilidhani anaongea na mtu asiyepatana naye. Kumbe ni binti yake, tena mtoto wake wa pekee!

Nilijua siku binti alipokuja mwenyewe. Ni muuguzi, mrefu kama baba yake, na alikuja na wanawe wawili, mmoja kapukutika meno ya mbele. Babu aliwapa watoto redio mbovu waifungue, akawaonyesha namna ya kushika bisibisi, kisha akarudi kwenye kazi yake kama vile wageni wameshaaga. Binti alisimama pale, akatazama kuta, akatazama viatu, mwisho akaja kwangu kupunguziwa sketi kiunoni.

"Shangazi, huwa anaongea na wewe?" aliniuliza.

"Ananisalimia," nikasema. "Siku nyingine hata kwa sentensi nzima."

Alicheka, lakini cheko halikukaa. Akaniambia wakati baba yake yuko vitani, yeye na mama yake walikuwa wanakwenda kwa jirani mwenye simu kumsubiri apige. Akipiga anasema yuko salama, anauliza kama nao wako salama, anakata. Mama yake alikuwa anabaki na mkono wa simu sikioni, analia, kisha anamcheka. "Mama alikuwa na moyo wa kucheka," alisema. "Mimi sina. Mimi nikikatiwa nakatika kweli."

Nikiwa nimeinama kumpima kiuno, akanitolea lililomleta. Mumewe amepata kazi nchi za mbali, kule kwenye baridi, na anataka wahamie wote. Wakienda si wa kurudi leo wala kesho. Yeye hajakubali bado.

"Baba akiniambia nisiende, siendi," alisema. "Mume wangu analijua hilo. Sitaki kumwacha peke yake. Ila nataka aseme yeye, kwa mdomo wake, kwamba ananihitaji. Usimwambie, shangazi. Ukimwambia haitakuwa yake."

Nikaapa. Mtu akiwa na pini mdomoni huapa kirahisi.

Walipoondoka, siri ile ilinikaa tumboni kama ugali mbichi. Kila nikisikia "Nimepata, salama," nakanyaga cherehani kwa hasira mpaka uzi unakatika. Siku moja uvumilivu ulinishinda, nikazunguka mbao, nikamtolea uvivu.

"Afande, wewe una ugomvi gani na mtoto wako?"

Aliweka simu ya mteja chini taratibu. "Sina ugomvi."

"Basi mbona unamkatia simu kama mtu wa kukudai?"

Nilidhani atanifukuza. Badala yake alitazama mlangoni, akaanza kueleza, na ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizopata kuzisikia kwake. Kule vitani, alisema, adui ana mitambo ya kusikiliza. Ukiongea kidogo hakupati. Ukirefusha maneno, anajua uko wapi. Alikuwa na rafiki yake kwenye kituo kingine, mtu wa redio kama yeye. Siku moja rafiki huyo alipewa habari kwamba mkewe amejifungua, akasahau kanuni zote. Akaongea, akacheka, akauliza mtoto amefanana na nani.

"Nilikuwa nasikiliza," Afande alisema. "Nilikuwa nacheka naye. Halafu redio ikawa inavuma tu."

Lakini hasira ilikuwa bado imenishika, na huruma imeongezeka juu yake, nikapaza sauti. "Vita viliisha, Afande! Sasa hivi nani anakutafuta?"

"Hakuna," akajibu. "Hakuna anayenitafuta."

Alilisema bila kujihurumia, na mimi nikaumia hasa. Hapo hapo kiapo changu nikakitupa. Mimi ni domo kaya, sikatai, mtaa mzima unanijua. Nikamwambia yote: kazi ya mkwe wake, nchi ya baridi, na kwamba neno lake moja, "usiende," lingembakiza mtoto.

Alisimama wima kama anapokea amri. "Neno moja," akasema.

"Moja. Lakini huwezi kulirusha kama jiwe ukakata. Uongee naye kwanza."

"Niongee nini?"

Jamani, mzee mzima, amevuka mito na risasi, anauliza mtu anaongea nini na mwanawe! Nikamfundisha. Uliza watoto wamekula nini. Uliza kama kwao mvua imenyesha. Akijibu, usiseme nimepata, sema ehe. Ukishindwa kabisa, uliza tena ulichokwisha kuuliza, hakuna atakayekupiga faini.

Siku zilizofuata nilimsikia akifanya mazoezi kwenye simu za wateja zilizokufa. "Watoto wamekula nini?" Kimya. "Ehe." Kimya. "Mvua imenyesha?" Nilicheka mpaka nikajichoma sindano, halafu nikajikuta nafuta machozi. Nami nikirudi nyumbani hakuna wa kuniuliza kama nimekula. Kelele zangu zote huwa naziacha hapa kibandani, nikifunga kufuli zimekwisha.

Alhamisi asubuhi akaja upande wangu na simu mkononi, amevaa shati lililopigwa pasi likakoma. Akakaa kwenye benchi langu. Alisema atapigia hapa, nimtie moyo. Akaweka spika ili nami nisikie. Mimi nilikuwa napinda gauni la bibi harusi, mdomo umejaa pini.

"Baba, salama?" binti akapokea.

"Salama. Watoto wame..."

"Wazima wote, mimi mzima. Baba, viza zimetoka. Mume wangu anataka kukata tiketi leo. Nitakujulisha. Haya, sikuchoshi, kwaheri."

Akakata. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Afande aliitazama simu, na kwa mara ya kwanza nikaona anafanana na umri wake.

"Amesema kila kitu," alisema. "Hakupoteza neno. Nilimfundisha vizuri."

Nikamwonyesha kwa kidole: piga tena! Nikamwonyesha mara ya pili, na mguu nikaupiga chini. Akapiga.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?" Sauti ya binti ilikuwa imepanda. Baba yake hakuwahi kumpigia mara mbili tangu azaliwe.

"Siumwi." Mazoezi yote yalikuwa yamemruka, mvua na chakula na ehe. "Usikate," akasema.

Kule tulisikia sahani, na mtoto akiimba kitu hakina mwanzo wala mwisho. "Sikati, Baba," binti akasema polepole. "Unataka niseme nini?"

"Chochote."

Akaanza kama anayejaribu maji ya mto kwa mguu. Akasema juu ya masanduku, kwamba hayatoshi. Akasema mdogo ameng'oka jino jingine na anataka kwenda nalo safarini. Afande akasema ehe. Binti akaendelea. Hospitali ya kule wamempokea, atasoma mwaka mmoja zaidi, halafu atafanya kazi na watoto wachanga waliozaliwa kabla ya wakati, jambo aliloomba hapa mara nyingi bila kupewa. Sauti yake ikafunguka. Akaeleza picha za nyumba yao, dirisha lililo juu ya sinki, koti jekundu alilomnunulia mkubwa, namna mtoto alivyokataa kulivua akalala nalo. Alikuwa anacheka. Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa kuelekea ile simu, macho ameyafumba, anasikiliza kwa mwili mzima. Sijawahi kuona mtu anasikiliza hivyo. Mimi cherehani nilikwishaisimamisha.

Mwisho binti akauliza, taratibu kabisa, "Baba, una la kuniambia?"

Ndilo hilo! Mlango umefunguliwa, kazi ni kuingia tu. Nikatikisa kichwa ndiyo, ndiyo, pini zinanichoma midomo. Afande alinitazama. Alinitazama vizuri, wala hakuwa amesahau neno lenyewe.

"Hilo koti," akasema, "litazame mikono. Liwe refu kidogo. Watoto wanakua."

Tulisikia pumzi ya binti. "Haya, Baba," akasema. "Nitalitazama." Na safari hii hakuna aliyekata. Walikaa hivyo hivyo, huyu huku, yule kule, mpaka salio likaisha.

Nilitema pini kiganjani. "Mbona hukusema? Neno moja, Afande! Moja!"

"Anataka kwenda," akasema. "Umemsikia. Angebaki kwa ajili yangu, lakini anataka kwenda."

"Na wewe?"

Aliinuka, akanyoosha shati, akarudi upande wake. Nikasikia bisibisi ikiinuliwa. Nilikaa na gauni la watu mapajani na kujilaumu, kwa sababu kama ningemwacha na ukimya wake, pengine angelisema lile neno lake kavu, akakata, na leo mtoto angekuwa hapa. Mimi ndiye niliyemwambia asikilize kwanza.

Waliondoka kabla ya mwezi kuisha. Aliwasindikiza hadi uwanja wa ndege, akarudi moja kwa moja kazini, akafungua kama kawaida. Mchana nilimpelekea chakula, akala amesimama, nami nikasimama naye kwa sababu sikujua la kufanya. Alipomaliza akaosha bakuli, akalikausha, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Jirani," aliniita nilipokuwa nageuka. "Huko kwao, sisi tukiwa kazini, wao wanakuwa wamelala?"

Nikamwambia nadhani hivyo.

"Kwa hiyo mtu anapiga saa ngapi?"

Sikujua. Mimi mwenyewe sina mtu wa mbali. Nikamwambia tutauliza, lakini siku ile hatukumpata wa kumuuliza.