Esanse ya Citoyen Lumbwe

Mwaka wa 1983, Ignace Kisimba alikuwa shofere wa biro moja, ofisi ya kilimo, hapa Kalemie. Aliendesha Peugeot 404 iliyozeeka, lakini aliitunza vizuri. Siku moja, akipanda kilima, moteri ikaanza kugonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Akasimama, akachota kwenye tangi esanse kidogo, yale mafuta ya gari, akaipaka mukononi. Esanse safi inakauka mara moja. Hii iliacha mafuta, tena ilinuka petroli, ile tunayoita mafuta ya taa. Muntu alikuwa amechanganya.

Ufunguo wa pipa la esanse ulikaa na muntu mumoja tu, shefu wake, Citoyen Lumbwe; "citoyen", raia, ndivyo watu wote walivyoitwa wakati ule.

Ignace alimufuata birona. "Shefu, esanse iko na petroli ndani. Moteri inagonga. Tukiendelea hivi, pistoni itatoboka."

Lumbwe hakuuliza nani alichanganya. Alitoa kachupa kwenye meza yake. "Hii ni dawa ya esanse, nilileta toka Bujumbura. Mimina yote, itaacha kugonga."

"Dawa haiwezi kugeuza petroli kuwa esanse, shefu."

"Citoyen Kisimba, kesho tunapeleka inspekta wa kilimo mpaka kule Niemba. Gari itembee."

Ignace akamimina dawa. Kisha akafungua moteri, akaurudisha moto wa bujia, zile plagi, nyuma kidogo ili uwake kwa kuchelewa. Gari ikapoteza nguvu, lakini mulio ukapungua.

Kesho yake inspekta, muzee mupole aliyetoka Lubumbashi, alikaa mbele. Lumbwe alikaa nyuma. Kwenye barabara ya tambarare mambo yalikwenda. Walipofika kwenye mulima, kugonga kukarudi. Ignace akapunguza mwendo.

"Kanyaga," Lumbwe akasema.

"Shefu, tukipanda polepole tutafika."

Mukono wa Lumbwe ukamushika begani. "Nimesema kanyaga."

Akakanyaga. Alijua kinachokuja, na muguu wake ndio ulikuwa unakileta. Karibu na kilele kitu kikapasuka ndani, moshi mweupe ukajaa nyuma, gari ikasimama.

Inspekta alishuka, akanusa kwenye tangi. "Nani aliweka petroli humu?"

Lumbwe akawahi kujibu. "Mashofere, Papa inspekta. Wanauza esanse, wanajazia petroli."

Ignace akatazama huku na huku. Pande zote ilikuwa pori tu. "Papa," akasema, "mimi sina ufunguo wa pipa."

Inspekta akamutazama Lumbwe, kisha akatazama saa yake. Kamyo, lori la mihogo, ikapita, wakubwa wawili wakapanda mbele pamoja na dereva wake. Ignace akabaki kulinda gari siku mbili, mpaka ilipokuja kuvutwa.

Aliporudi birona, Ignace alikuta karatasi imekwisha kuandikwa: yeye, Kisimba, ndiye alichanganya petroli kwa uzembe wake.

"Tia sahihi, utabaki na kazi na nyumba," Lumbwe akasema. "Ukikataa, wanajeshi watasoma neno lingine, sabotage, kuharibu mali ya serikali kwa kusudi. Nakupa mpaka kesho."

Muke wake, Florentine, alikuwa na mimba ya miezi minane. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya biro. Alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye kitanda.

"Twende kwetu Zongwe," akasema.

"Watanifuata hata Zongwe. Muntu wa sabotage hana kwao."

"Na ukitia sahihi?"

"Tunabaki."

Florentine akakunja kitenge alichoweka kwa ajili ya mutoto. "Sitaki kuzaa wewe ukiwa umefungwa," akasema mwishoni. Hakumutazama tena jioni ile.

Ignace akatia sahihi. Baada ya wiki tatu gari nyingine ikaletwa, nayo ilikuwa imezeeka, na Lumbwe akamupa funguo zake. Kuanzia hapo hakufungua pipa peke yake tena. Alimwita Ignace ashike mupira wa kumiminia wakati petroli inatiwa ndani ya esanse, na Ignace aliushika.

Mutoto alizaliwa, musichana, wakamwita Noëlla. Lumbwe alituma kilo tano za sukari nyumbani. Ignace alizipokea mulangoni, akamwambia aliyezileta apeleke asante.