Mashahidi Tisa wa Vali

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, fundi pampu aliweka vali juu ya meza ya msajili wa hataza. Ilikuwa ya shaba, ukubwa wa ngumi, na iliweza kuvutwa kutoka kisimani kwa waya bila kung'oa mabomba. Hataza yake, hati ya kumlinda mvumbuzi asiigwe, ilikuwa na miaka miwili. Kiwanda kimoja kilitaka ifutwe, kikidai chombo hicho kilijulikana kabla fundi hajakiombea hataza. Ikifutwa, kiwanda kingeweza kutengeneza vali hiyo bila kumwuliza mtu.

Fundi alielewa kwamba anaitwa mwizi. Kwa wiki tatu alizunguka akikusanya mashahidi tisa. Mpwa wake, ambaye ndiye wakili wake, alimwomba majina yao. Alijibiwa kwamba ukweli hauhitaji mazoezi.

Wa kwanza alikuwa mwashi aliyeitwa Timazi. Alisema vali hiyo imo kisimani kwake miaka mingi. Msajili akauliza ni mingapi.

"Mke wangu alikuwa na mimba ya kitinda mimba wetu," alisema Timazi. "Leo huyo kitinda mimba anaazima wembe wangu."

Watu walicheka. Msajili aliandika: miaka kumi na saba.

Mpwa aliinuka kuomba mapumziko. Fundi alimvuta koti, mpwa akakaa.

Mkunga, mwalimu mkuu na wengine walifuata. Kila mmoja alisema fundi alimfungia vali, akaifungua mbele yake, akamfundisha kuitengeneza. Wakili wa kiwanda hakuuliza swali hata moja. Kufikia shahidi wa sita alikuwa amefunga jalada lake.

Saa tano walitoka kwenye korido.

"Mjomba, hawakusema umeiba. Walisema ilijulikana."

"Ilijulikana kuwa ni yangu."

"Ndiyo. Ukishaionyesha hadharani, huwezi tena kuiombea hataza. Hata kama aliyeionyesha ni wewe."

Fundi akauliza kama alipaswa kuwaacha watu wanywe matope miaka yote hiyo.

Saa nane na robo uamuzi ulisomwa. Ukurasa wa pili ulisema aliyeivumbua ni fundi, bila shaka yoyote. Ukurasa wa tatu ulifuta hataza. Mashahidi walikuwa wameridhika na ule wa pili. Walimpa mkono mmoja mmoja, Timazi akampigapiga begani. Fundi alipokea hongera zote tisa, akasaini daftari la wageni, akatoka.

Saa tisa kasoro dakika tano karani wa msajili alimfuata getini na vali aliyoiacha mezani. Fundi hakuipokea.