Siku Kumi na Nane za Kichwa cha Nuhu

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wahenga hao hawakupita Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika. Nuhu, mwenye Salon Kichwa Safi, alijinyoa mwenyewe kila asubuhi kwa wembe mpya, mbele ya kioo cha pikipiki alichokipigilia ukutani. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kujikata, isipokuwa siku moja ya tetemeko, na hiyo haihesabiwi.

Kichwa chake ndicho kilikuwa bango la biashara. Mteja akiingia alikitazama kwanza, kama mtu anavyofunua mashavu ya samaki sangala kabla ya kuuliza bei. Lakini tangu Ramadhani iishe, bango lilikuwa limeanza kubanduka. Utosini, nyuma ya masikio na pale ukingo wa kofia ulipokaa, yalitoka magamba ya njano yenye mafuta, yakaanguka mabegani kama unga wa muhogo. Kilichomsumbua zaidi Nuhu, mtu wa mantiki, ni kwamba kichwa kiling'aa mafuta na kupukutika unga kwa wakati mmoja. Kikavu hupukutika, chenye mafuta hung'aa. Kichwa chake kilikuwa kimekataa kuchagua upande. Tena kiliwasha.

"Ndugu yangu," alisema Pontiani, fundi baiskeli wa jirani aliyezaliwa ukimbizini Tanzania na kurudi na Kiswahili cha huko pamoja na ulimi wa huko, "ukitikisa kichwa mara moja tena, tutaweka maji jikoni tusonge ugali."

Nuhu alicheka, kwa kuwa kinyozi asiyecheka hufunga duka. Aliacha kucheka siku Asma, mke wa mwanawe Rachid, alipojifungua mtoto wa kike nyumbani kwa mama yake, kijijini Magara.

Hapa lazima ieleweke uzito wa jambo. Waswahili wa Rumonge humnyoa mtoto siku ya saba nywele alizozaliwa nazo, na siku hiyo hiyo hutangazwa jina lake. Nusu ya vijana wa mtaa waliwahi kulala viganjani mwa Nuhu wakiwa na siku saba. Amewanyoa watoto wa wavuvi, wa walimu, hata mtoto wa mtu aliyemchukia. Huyu sasa alikuwa mjukuu wake wa kwanza.

Siku ya tatu simu ililia. Alikuwa Bi Fahima, mama yake Asma, mwanamke aliyeanika na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, kwa miaka thelathini na aliyejua kutofautisha kitu kisafi na kitu kilichofutwafutwa.

"Amahoro, Baba Rachid."

"Amahoro, Mama Asma. Mutoto anaendeleaje?"

"Mutoto iko salama, na mimi nataka abaki salama. Nilikuona kwenye harusi juzi, umeinama juu ya sinia ya pilau. Watu watatu waliacha kula. Hiyo kichwa haitainama juu ya mujukuu wangu. Nimeshamuita kinyozi wa Gitaza."

Kinyozi wa Gitaza! Kijana wa mashine ya umeme, anayechora nyota kwenye visogo vya wavulana! Nuhu alikaa kwenye kiti chake cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akajitazama kiooni kwa muda mrefu.

Rachid alikwenda Magara kuomba, akapiga magoti, akarudi na masharti. Shehe alikuwa amesema siku ya saba ikipita kuna ya kumi na nne, nayo ikipita kuna ya ishirini na moja. Bi Fahima alikubali ishirini na moja. Asubuhi ya siku hiyo angekikagua kichwa mwenyewe, juani. Kikimridhisha, Nuhu atanyoa. Kisipomridhisha, mtu wa Gitaza atanyoa na Nuhu atakula pilau akiwa amekaa mbali.

Zilibaki siku kumi na nane.

Nuhu hakwenda kwa mganga wala kwa mwenye maneno mengi. Alikwenda kwenye duka la dawa karibu na soko, kwa Elda, muuguzi ambaye hakuwa na tabia ya kuwahurumia watu wazima. Elda alimvua kofia, akamgeuza kichwa huku na huku.

"Papa, asubuhi unafanya nini na hii kichwa?"

"Nakwangua magamba kwa wembe."

"Na jioni?"

"Mke wangu ananipaka mise. Tele. Ngozi ikipukutika imekauka, si ndiyo?"

Mise ni mafuta meusi yanayotoka kwenye kokwa ya mchikichi, na Rumonge hakuna kitu ambacho mise haiponyi: kikohozi, mguu ulioteguka, huzuni. Elda, mzaliwa wa Bujumbura, alifumba macho kidogo.

"Haijakauka, Papa. Ngozi yako inatoa mafuta yenyewe kupita kiasi. Kuna kuvu ndogo inaishi juu ya ngozi ya kila mtu, yangu na yako, na chakula chake ni mafuta. Wewe umeifungulia hoteli. Asubuhi unaichokoza kwa wembe, jioni unaiandalia meza."

"Kwa hiyo mimi ni muchafu?"

"Hapana. Na haiambukizi mutu. Chukua hii shampuu. Mara mbili kwa wiki, paka, acha povu dakika tano kamili, suuza. Siku zingine maji na sabuni laini. Wembe uache kwanza, tumia mashine. Kofia ivue upate hewa. Na mafuta, hata tone, hapana."

"Itapona?"

"Itatulia. Ikirudi, unaosha tena."

Alitaka neno lingine, lakini hilo ndilo lililokuwepo. "Murakoze," akashukuru, akaiweka chupa mfuko wa shati, upande wa moyo.

Jioni hiyo Mariyamu, mkewe, alikuja na kibakuli kama kawaida. Nuhu akaweka kiganja juu ya utosi wake.

"Mama Rachid, kuanzia leo hakuna kupaka kichwa."

"Nani kasema?"

"Elda wa duka la dawa."

"Elda ana umri gani? Bibi yangu alikamua mise, mama yangu alikamua, mimi nakamua. Kichwa kikavu kinaomba mafuta, kama mutoto anavyolilia titi."

"Hiki kimekula mpaka kimevimbiwa."

Mariyamu alikirudisha kibakuli kimya kimya, na ukimya wa Mariyamu haukuwa kitu cha kushangilia.

Dakika tano za povu zilifanyika kwenye benchi mbele ya duka, kwa sababu pipa la maji lilikuwa pale na Nuhu alikuwa ameamua kwamba aibu ni gharama ndogo. Alikaa wima, mikono magotini, kichwa cheupe kama mlima wa nchi za watu, saa ya simu mbele yake. Wanafunzi wanaotoka shule walisimama. Mama mmoja wa ndizi alishusha kikapu chake ili atazame vizuri.

"Dakika mbili!" Pontiani alitangaza. "Keki imeanza kuumuka!"

"Papa Nuhu, itaungua!" mwanafunzi mmoja akapaza sauti.

Nuhu aliendelea kuitazama saa. Povu lilimteremkia kwenye nyusi, likaingia jicho la kushoto, likachoma kama pilipili. Hakulifuta. Dakika tano zilipotimia, na si nukta moja kabla, aliinama chini ya kata ya maji.

Siku ya nane ya dawa mwasho ulipungua. Siku ya kumi alipitisha mkono nyuma ya sikio, ukarudi mtupu. Aliwanyoa watu sita siku hiyo akipiga mluzi. Siku ya kumi na moja magamba yakarudi.

Lakini yalirudi kwa namna ya ajabu. Utosi ulikuwa safi. Magamba yalikaa kwenye mstari mmoja, duara kamili kuzunguka kichwa, kama shanga. Nuhu aliyachunguza kiooni kwa utulivu wa hakimu. Kisha akaiangalia kofia yake ya darizi iliyokuwa kwenye msumari. Akaigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye ukingo. Kidole kikang'aa. Akakinusa.

"Mama Rachid!"

Mariyamu alitokea mlangoni akiwa na mwiko.

"Nilisema nini kuhusu mafuta?"

"Ulisema nisipake kichwa." Alimtazama bila kupepesa. "Kofia si kichwa."

Nuhu aliirudisha kofia msumarini. Miaka ishirini na sita ya ndoa ilimfundisha kwamba mbele ya hoja kama hiyo hata mahakama ingeahirisha kesi.

"Zote?"

"Zote saba." Sauti yake ikashuka. "Nilikiona kinakauka. Watu wanakaa wanakucheka kwenye benchi, na mimi sina cha kukufanyia. Kupaka ndiyo kitu najua."

Nuhu aliketi. Hasira ilikuwa imekuja mpaka mlangoni ikakuta huruma imetangulia kukaa. "Iko kitu kingine unaweza kufanya," alisema. "Mimi sioni nyuma ya masikio. Siku ya dawa, unipake wewe hiyo povu, halafu ushike saa."

Mariyamu alichemsha kofia zote saba. Ijumaa kofia zilikuwa bado mbichi kambani, Nuhu akaenda msikitini kichwa wazi, jambo ambalo halikuonekana tangu alipobalehe. Watu wawili walimpa pole wakidhani amefiwa. Alipokea pole na kuendelea na safari. Na kwenye benchi alikaa Mariyamu nyuma yake, simu mkononi, akimwambia Pontiani kwamba kama hana baiskeli ya kutengeneza yuko tayari kumvunjia moja.

Siku ya ishirini na moja ya mtoto, Nuhu na Mariyamu walifika Magara mapema. Bi Fahima alimsimamisha Nuhu kati ya vichanja vya ndagala, mahali jua halina huruma, akamwinamisha kichwa kwa mikono miwili. Alipitisha kucha utosini. Hakuna. Pajini. Hakuna. Nyuma ya sikio la kulia kucha ikasimama, akainua kitu kidogo kuliko jicho la ndagala.

"Na hii?"

"Ni gamba, Mama Asma."

"Nilisema safi."

"Yalikuwa yanajaza kiganja, leo iko moja. Keshokutwa naosha tena. Yakirudi mwezi ujao, naosha tena. Sikudanganyi kwamba yamekwisha. Nakuambia sitaacha kuosha."

Bi Fahima alilitazama gamba, akamtazama mwenye gamba. Nyuma yake, kwenye baraza, kinyozi wa Gitaza alikuwa tayari ameketi na mashine yake na sahani ya maandazi. Wageni walikuwa wanaingia. Shehe alikuwa amefika.

"Kaa na wanaume," Bi Fahima akasema, bila ukali. "Neno langu ni neno langu. Asma, leta mutoto."

Asma alimleta mtoto amefungwa vitambaa vitatu. Kijana wa Gitaza akawasha mashine, akafunua kitambaa cha kichwa, na mashine ikazimwa palepale.

Utosi wa mtoto ulikuwa umefunikwa na ukoko mnene wa njano, umeng'aa mafuta kutoka paji mpaka kisogo.

"Mimi siigusi hiyo," kijana alisema, akirudi nyuma. "Mashine yangu inanyoa watu wengi."

Wageni waliinuka kutazama. Watu walianza kumgeukia Nuhu, kama watu wanavyogeuka wakisikia harufu. Ni Bi Fahima aliyewakatiza.

"Musimuangalie yeye. Hajawahi kumugusa. Ndiyo leo anamuona." Uso wake ulikuwa umelegea. "Ilianza wiki iliyopita. Nikasema kimekauka. Nimekipaka mise kila asubuhi na kila jioni, na kinazidi. Nimekificha. Baba Rachid, mimi niliogesha watoto wangu sita, hii sijaiona. Mutoto atakufa?"

Nuhu alikuwa ameshasimama. Alimpigia Elda, akaweka simu juu ya mkeka ili wote wasikie.

"Watoto wengi wanapata," sauti ya Elda ilisema. "Haimuumi, na itaondoka yenyewe. Acheni hiyo mise. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mutoto, kitambaa laini. Ukoko ulainike wenyewe, musiukwangue. Shampuu yako, Papa, usithubutu kumutia, ni ya watu wakubwa. Ikivimba au ikitoa maji, mumulete. Na wembe juu ya ukoko, hapana kabisa."

Hapo wanaume walimtazama Nuhu. Siku kumi na nane alikuwa amepigania wembe huo, nao ulikuwa mfukoni mwake, mpya, bado kwenye karatasi yake.

"Shehe," alisema, "jina lisomwe leo na watu wale. Nywele zitasubiri mpaka ngozi ipone."

Shehe alifikiri, akaitika kwa kichwa. Mtoto akaitwa Kaoutar.

"Na siku hiyo nani atanyoa?" aliuliza kijana wa Gitaza.

"Maliza maandazi yako, mwanangu, gari za kurudi zipo," Bi Fahima alimjibu. Kisha akaenda jikoni mwenyewe, akarudi na beseni la maji, akapiga magoti mbele ya Nuhu na kulishika kwa mikono miwili. "Utakuja mara ngapi?"

"Kila baada ya siku moja."

"Kutoka Rumonge?"

"Kutoka Rumonge."

Nuhu alikunja mikono ya kanzu, akajaribu maji kwa kiwiko, akamlaza Kaoutar kwenye kiganja cha kushoto. Mtoto alikunja uso, akatoa kilio kilichofika ziwani. Nuhu alikamua kitambaa, akakiweka taratibu juu ya utosi, akaanza kuhesabu dakika.