Kabureta ya Bibi Harusi

Asubuhi ya harusi yake Lidwina alikuwa ameinama chini ya boneti, amemshikia tochi fundi Hamisi, huku gauni jeupe likisubiri kwenye msumari wa mlango. Hamisi alikaza nati ya mwisho ya kabureta, akajipangusa mikono.

"Inshallah kanisani litafika, dada. Hii ilikuwa na kazi ya heshima, siyo kama zile nyingine."

Spea zile nyingine zilijulikana mtaa mzima wa Msamala. Gari lenyewe lilikuwa Datsun nyekundu ya milango miwili, gari la mashindano, urithi wa marehemu kaka yake, na spea zake halisi ziliuzwa Dar es Salaam kwa bei ya kumchekesha mtu peke yake. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila kitu kilikuwa kinauzwa Songea, kizima au vipande, na Lidwina alinunua kilichoingia. Stata ilitoka kwenye basi la Tunduru, kwa hiyo gari halikuwaka mpaka mtu alipige ubavuni na kusema limejaa. Pampu ya maji ilitoka kwenye lori la korosho la Nalasi. Injini ikipata moto, mtaa ulinukia korosho za kukaanga na majirani wakatoka na chumvi. Dinamo ilikuwa ya gari la mapadri. Kengele ya mchana ikipigwa, gari lilizima, likawaka lenyewe sala ilipokwisha.

Hakuna aliyeshangaa. Lidwina aliuza mitumba sokoni na alijua kwamba koti lililovaliwa huja na mabega ya mwenyewe.

Kabureta aliuziwa na Edmund, mwenye duka jipya la spea, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi. Alimpunguzia bei kwa nusu.

"Usiulize imetoka wapi, bibi harusi," alisema. "Uliza itakupeleka wapi."

Lidwina hakuuliza lolote, maana alikuwa na hofu yake. Zamani, akiwa binti, alivishwa shela akangoja gari la kukodi ambalo halikuja, na mchumba wa wakati ule akasema ni mkosi, akaondoka na ukoo wake. Safari hii aliapa kujiendesha mwenyewe. Nao dada za Beda, bwana harusi, walishamwambia kinagaubaga: akichelewa, wanamchukua kaka yao.

Fausta, mpambe wake, alipiga ubavu wa gari. "Limejaa, twende."

Kwenye njia panda Lidwina alikata usukani kulia. Gari likakata kushoto, likaishika njia ya Peramiho. Alikanyaga breki, likaongeza mwendo.

"Kanisa liko kule," Fausta alisema.

"Najua. Liambie lenyewe."

Ukweli ni kwamba Lidwina alifurahi. Gari halikuwa limekimbia vile tangu kaka yake afariki. Shela lilipepea nje ya dirisha, mbuzi walipisha njia, korosho zilinukia mpaka kichwa kikawa chepesi, na alijikuta anacheka kwa nguvu huku akiwaogopa wifi zake watarajiwa kwa moyo wake wote.

Gari lilisimama Liyombo, kijiji cha ng'ambo ya Maposeni, mbele ya mwanamke aliyekuwa amekaa mkekani akiugulia uchungu wa uzazi. Aliitwa Tabu. Mama mkwe wake, bibi Zuhura, alikuwa ameshika kikapu tayari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimelisikia tangu mlimani, nikajua ndilo. Ila lilikuwa jeupe, tena refu."

"Lipi, bibi?"

"Gari letu la wagonjwa. Lilichukuliwa kwenda matengenezo mjini, halikurudi. Mjamzito mwenzake Tabu tulimpeleka kwa baiskeli. Hakufika."

Lidwina alielewa alichokinunua kwa nusu bei. Aliona aibu, tena aibu nzito, akashindwa kumtazama bibi usoni. Akafungua mlango. Tabu alikaa mbele. Fausta na bibi Zuhura walijikunja nyuma penye nafasi ya mizigo, wakipakatiana maua na kikapu. Fausta alimwelekeza bibi, naye akapiga ubavu kwa ndani akasema limejaa, na safari hii ilikuwa kweli.

Hospitalini Peramiho muuguzi aliwapokea mlangoni, na Tabu alijifungua kabla Lidwina hajapata maji ya kunawa. Kengele ya mchana ikawakuta njiani kurudi. Gari likazima. Lidwina, mwenye haraka kuliko mtu yeyote mkoani, alikaa na shela lake mpaka sala ya Malaika wa Bwana ilipokwisha.

Beda alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa. Dada zake walikuwa wakimvuta, huyu mkono huu, huyu mkono ule, naye amekaa kwa uzito wake wote.

"Umechelewa," alisema.

"Nilikuwa nampeleka mjamzito hospitali."

"Kajifungua?"

"Mtoto wa kike."

Beda akasimama, akatengeneza tai yake, wakaingia.

Ukumbini Lidwina alimwinamia Edmund kwenye meza kuu. "Ile kabureta ni ya gari la wagonjwa la Liyombo."

"Lilikuwa bovu kwenye karatasi," Edmund alijibu, akijipakulia pilau.

"Lilikuwa linatembea."

"Kwenye karatasi halikuwa linatembea."

Kisha mwenyekiti akasimama kutoa zawadi yake, iliyofungwa kwa karatasi ya maua, na watu wakampigia vigelegele. Ndani kulikuwa na king'ora. Akasema ndicho kilichokuwa kimebaki cha gari lile. Lidwina alitamani kumrushia usoni. Akakumbuka ng'ombe wanaolala kwenye barabara ya Liyombo, akakiweka chini ya kiti, na Jumatatu Hamisi alikifunga kwenye Datsun.

Siku hizi Liyombo hawaulizi tena gari lao liko wapi. Wanauliza kama Lidwina ana petroli.