Siku Makarasha Yalipozimwa Rwamgasa

Ritha alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo hakujua kuzungumza kwa sauti ya chini. Mabula akipiga simu Jumapili kutoka machimboni Rwamgasa, bweni zima la chuo pale Shinyanga lilijua.

"RITHA! UMEKULA?"

"Amekula, kaka!" wangeitikia wenzake waliokuwa wakisukana nywele, naye Ritha angetoka mbio hadi nje, simu kaishika mbali na sikio, anacheka huku uso unamwaka kwa aibu. Alichokuwa hakielewi ni kwa nini Mabula alikuwa na jibu moja kwa kila kitu. Hata Jumapili aliyomweleza kwamba malaria imemlaza, kaka alijibu, "VIZURI! VIZURI SANA!" Ritha alinuna wiki nzima.

Muhula ule Madamu Asteria, mwalimu wao wa uandishi, akawaambia wanafunzi kwamba macho yamependelewa vya kutosha. Safari hii wataandikia masikio. Kila mmoja atengeneze podikasti fupi kuhusu mtu anayempenda.

"Studio iko wapi, Madamu?" aliuliza mmoja.

"Unayo mfukoni. Kipaza sauti cha hedifoni kivishe soksi safi, upepo usipulize. Jifunike blanketi, mwangwi utapungua. Mengine ni kuandika vizuri."

Ritha aliandika kuhusu Mabula: jinsi baba yao alivyofariki kule kijijini kwao Songwa, na jinsi kaka alivyoacha shule akaenda kwenye dhahabu ili yeye aendelee kusoma. Madamu alisoma muswada, akamrudishia.

"Umeniambia ni mtu mwema, nimekubali. Lakini sijamsikia. Nenda ukamlete."

Basi ilipofika likizo fupi, Ritha akapanda basi hadi Kahama, akaunganisha hadi Katoro, akamalizia kwa bodaboda. Mabula alimpokea mweupe kwa vumbi la mawe kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Alikuwa akifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na makarasha pale yalipangana mstari mzima, kila moja na injini yake ya dizeli, yakinguruma kutwa.

Walijaribu kurekodi nyuma ya nyumba. Wakajaribu jikoni. Wakajaribu chini ya blanketi, wakatoka wamelowa jasho. Kila Ritha aliposikiliza alichorekodi, alisikia ngurumo tu, na kwa mbali mtu kama anazama mtoni.

"Basi, kaka," alisema akikunja nyaya zake. "Nitaandika tu."

Mama Loveness, mwenye karasha alilofanyia kazi Mabula, alikuwa amesimama akiwatazama. Aliuliza kuna tatizo gani, akaelezwa. Alikwenda akazima injini yake, akapiga hatua hadi kwa jirani.

"Eliya, zima."

"Nizime? Mawe ya mteja yamo ndani, mama!"

"Hayataota miguu. Mdogo wake Mabula ana mtihani."

Eliya akazima akinung'unika. Wa tatu akaona aibu kubaki peke yake. Habari ikatembea, injini moja baada ya nyingine zikakohoa na kunyamaza, hadi ukatua ukimya ambao watu wa pale hawakuwahi kuusikia mchana. Mafuta ya maandazi yakasikika yakichemka. Wachimbaji wakatoka kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu, na vumbi lao, wanauliza nani amekufa.

Ritha akabonyeza simu. "Kaka," alisema kwa upole, "unakumbuka siku ulipoondoka nyumbani?"

Mabula akatabasamu. "NIMEKULA!"

Watu wakaangua kicheko, na Ritha naye. Kisha akaona macho ya kaka yake yameganda kwenye midomo yake, yakitafuta. Aliuliza tena. Mabula akamgeukia Mama Loveness kama anayeomba msaada. Hapo Ritha akaacha kucheka.

Akasogea hadi karibu na sikio lake. "Kaka, hunisikii?"

"Nasikia, nasikia." Mabula aliinamisha kichwa. "La kushoto ndilo limekuwa vivu. Na hili lingine siku hizi linaliiga. Sikutaka ujue, ungeacha masomo uje kunihurumia."

Ritha hakulia, maana watu walikuwa wengi. Alichomoa soksi kwenye hedifoni, akamvisha kaka hedifoni hizo masikioni, akapandisha sauti hadi mwisho, akamchezea ule muswada wake aliokuwa amejirekodi akiusoma bwenini. Mabula alishtuka. Kisha akatulia, mkono mmoja kifuani. Ulipokwisha, akamwashiria aurudie.

"Umekuwa na sauti ya mama," alisema hatimaye, na safari hii hakupiga kelele. "Lakini umesahau viatu. Asubuhi ile uling'ang'ania shati langu, ukakataa kuachia. Nikakuachia viatu vyangu vya shule, nikakwambia uvitunze hadi nirudi. Nikaenda stendi na ndala."

"Nilivivaa, kaka. Nilivijaza magazeti ndani visinipwaye."

"Najua. Mama aliniambia nilipokuja kuwasalimia, nikacheka safari nzima ya kurudi huku."

Simu ilikuwa bado inarekodi. Eliya akapaza sauti kwamba mteja wake amefika, na injini zikarudi kunguruma.

Darasani, wenzake walimshauri apunguze pale kaka anapopasua spika. Alikataa. Madamu Asteria aliisikiliza akiwa amefumba macho, na alipoyafumbua alisema tu, "Mpeleke hospitali."

Alimpeleka. Daktari wa Geita alisema lililopotea halitarudi, ila lililobaki linaweza kulindwa. Mabula akapewa vizibo vya masikio, na Mama Loveness akamhamishia kwenye kuosha mchanga, mbali kidogo na injini.

Podikasti yenyewe ilizunguka Rwamgasa yote kwa simu. Mtu mmoja tu hakuridhika. Eliya alimpigia Ritha mwenyewe kulalamika: alizima karasha mawe yakiwa ndani, na jina lake halikutajwa popote. Ritha akajifunika blanketi, akarekodi upya mwisho wake, akiwashukuru wenye makarasha mmoja mmoja. Jina la Eliya aliliweka la kwanza.

"Wabeja," Eliya alimwandikia, akimshukuru kwa Kisukuma. "Sasa imekaa vizuri."