Kifuniko Juu ya Doa

Penseli yake ilikuwa katikati ya kuchora tao la sumaku la Jua, mkuu wa kituo cha kuchunguza Jua alipoingia bila kubisha, karatasi mkononi.

"Mama Stoo, tia sahihi hapa."

Jina hilo lilimganda tangu alipokuwa akitunza stoo ya kituo, akijisomea vitabu vya Jua vilivyoletwa vitupwe. Sasa alikuwa na meza yake ya vipimo, na meza hiyo ilimkaa mkuu kooni kama mwiba wa samaki.

Mama Stoo aliisoma karatasi polepole. Eti doa kubwa la Jua limelipuka asubuhi hii, wingu lake la gesi yenye umeme linakuja duniani, umeme wa mji ukatwe keshokutwa mitambo isiungue.

"Mwako nimeuona, mkuu. Wingu bado."

"Doa lote lile?" Mkuu alichekea puani. "Doa kubwa, balaa kubwa."

"Doa ni moto wa jikoni tu. Sufuria kufurika kunategemea kifuniko. Juu ya doa hili matao ya sumaku ni mazito, na hata juu sana hayaishiwi nguvu upesi. Kilichotaka kutoka kimebanwa."

"Nimesoma ng'ambo miaka sita, leo nifundishwe Jua kwa sufuria." Alimgeukia karani wa mitambo aliyekuwa pembeni, apate wa kucheka naye. Karani aliinamia waya zake. "Picha za setilaiti zinaingia sasa hivi. Wingu likionekana, kesho unarudi stoo kuhesabu balbu."

"Lisipoonekana?"

"Litaonekana."

Picha ya kwanza, kandokando ya Jua hakuna kitu. Ya nne, vilevile. Mkuu akatoa leso akafuta kioo cha kompyuta, kana kwamba wingu limejificha nyuma ya vumbi. Mama Stoo alimtazama kama mtu anavyomtazama jogoo anayeamini kuwa asipowika hakuchi.

Saa sita mchana, picha ya kumi nayo tupu, mkuu aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Umebahatisha," alisema, akatoka.

"Debe tupu hilo," karani alinong'ona. "Mama, si ungemwambia ukweli wake?"

"Nimwambie nini? Doa bado lipo, na kifuniko huenda kikalegea. Kesho nikikosea, stoo inaningoja."

Mawingu ya mvua yalikuwa yameziba dirisha, na Jua halikupimika tena siku hiyo. Matao ya upande wa mashariki wa doa hakuwa ameyachora hata moja. Alichonga penseli, akaiacha juu ya mchoro, tayari kwa kesho.