Harufu Ndani ya Sponji

"Kalia mwenyewe," mwalimu alisema. "Kalia, halafu uniambie kama pua yangu ndiyo mbovu."

Fundi hakukalia. Alipiga magoti, akasogeza pua kwenye mshono wa kochi aliloliunda upya kwa mikono yake, na hakuhitaji kunusa mara ya pili. Mkojo wa paka.

"Wakwe walikuja," mwalimu akaendelea. "Mkubwa wao akaketi hapo hapo. Jua limepiga dirishani, yeye kapata joto, kochi nalo likapata joto. Akainuka ananusa suruali yake. Tena kwa adabu, mama! Bora angetukana."

"Niachie. Nitalirudia lote."

"Na yule paka je? Au naye ni fundi hapa?"

Mwalimu alipoondoka, fundi alifumua kitambaa kwa kisu. Katikati ya sponji palikuwa na duara la njano. Alilikumbuka. Siku ile ya kazi aliikuta sponji imelowa, akaifua, akaianika mpaka ikawa nyepesi, akainusa ikiwa baridi, kisha akaivika kitambaa. Sponji iliyokojolewa hukaa kimya hadi ipate joto la makalio. Hilo kila fundi makochi analijua, na yeye alilijua. Alikuwa na haraka tu.

Sebule ndiyo iliyokuwa karakana yake. Alishabadilisha mchanga wa haja wa paka, akaongeza beseni la pili la mchanga, akasugua sakafu kwa siki, akatandika plastiki kila mahali hadi nyumba ikawa inachakarika kwa kila hatua. Mkojo ukahamia kwingine. Sasa alikuwa akizunguka mchana kutwa, akiinama na kunusa, akiweka nyundo chini na kusahau alipoiweka.

Paka mwenyewe, Shemeji, alikuwa ameketi kando ya bakuli la maji, anakunywa. Walimpa jina hilo kwa sababu aliingia bila hodi, akala, akalala, na habari ya kuondoka hakuigusa tena. Binti wa fundi alikuwa bado anatambaa wakati huo. Sasa alikuwa amempita mama yake kimo.

"Tunakwenda kwa daktari wa mifugo," fundi alimwambia binti aliporudi shuleni. "Lete kikapu."

"Kumtibu au kumuua?"

"Lete kikapu."

"Mama, na wewe ukizeeka ukajikojolea?"

"Utanipeleka kwa daktari huyo huyo. Kikapu, mtoto wewe!"

Binti alileta kikapu, lakini njia nzima alitembea mbele, na alipofika mlangoni kwa daktari alikataa kuingia.

Daktari alimpapasa Shemeji tumbo, akamfungua kinywa, akampima damu. Fundi hakuweza kukaa. Alisimama, akasogea dirishani, akarudi, akabonyeza kiti cha wageni kwa kidole: sponji imekwisha, mbao inagusa.

"Figo zimechoka," daktari alisema hatimaye. "Anakunywa sana, anakojoa sana, na haja inamponyoka kabla hajafika kwenye mchanga. Hakufanyii ukorofi."

"Anateseka?"

"Bado. Anakula, anajilamba. Dawa itamsogeza miezi kadhaa, lakini mkojo hautapungua."

Fundi alikuwa amekuja kutafuta neno moja tu, ndiyo, na hakulipata. Angeambiwa paka anaumia, angetoka pale akiwa mtu mwema.

"Ningekuwa na chumba cha pili," alisema.

"Najua."

"Nimeuliza kwa ndugu, nimeuliza kwa majirani. Nani anataka paka wa kukojoa?"

"Mama, sikuulizi. Ukisema nimpe dawa, nitampa. Ukisema nimlaze asiamke, nitamlaza, na sitakuona mbaya."

Fundi alifungua mlango. Binti alikuwa amekaa kwenye ngazi, amekumbatia magoti.

"Amesema anaumwa sana?" binti aliuliza.

Uongo ulikuwa mdomoni, tayari.

"Hapana. Ni mgonjwa, lakini hajafika hapo."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshindwa. Kazi ile ndiyo inayotulisha, na mimi nimeshindwa. Hakuna sababu nyingine, usiitafute."

Binti alimtazama mama yake kwa muda, kama mtu anayetafuta tusi la kutosha. Aliinuka, akampita, akaingia.

Meza ya daktari ilikuwa ya bati, baridi. Binti alivua sweta lake la shule, akalikunja mara mbili, akamnyanyua Shemeji na kulitandika chini yake. Paka akalikanda kwa makucha, akajizungusha, akalala. Daktari alikuwa anavuta dawa ya kumlaza kwenye sindano, amewapa mgongo.

Kisha doa likaanza kuenea kwenye sufu, polepole, likapita mfuko, likaifikia mikono yao waliyokuwa wamemshikia, ya mama na ya mtoto. Lilikuwa la moto. Hakuna aliyeuondoa mkono wake.